Nani Aseme Uwanja Umelowa?

Jina la makao makuu ya nchi yetu ni taarifa ya hali ya uwanja. Wazee wa Ugogo husimulia kwamba tembo alishuka kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akakanyaga tope lililoonekana gumu, akazama asiweze kujinasua. Waliomwona wakasema kwa Kigogo idodomya, yaani amezama, na mahali pakabaki na jina hilo. Ipo pia simulizi ya pili, yenye ucheshi na ujanja zaidi. Inasema kwamba Wagogo fulani waliwaiba ng'ombe wa jirani zao Wahehe, wakawachinja na kuwala, wakabakiza mikia. Wenye mali walipofika kuwatafuta, walioneshwa mikia iliyochomekwa kwenye tope na kuambiwa: tazameni, ng'ombe wenu wamezama.

Sijui kama kuna jiji jingine duniani ambalo jina lake limebeba somo la utawala kwa ukamilifu kiasi hicho. Simulizi ya kwanza ni ya aliyeingia mahali palipolowa kwa sababu hakuna aliyemwambia, au kwa sababu hakuna ambaye angeweza kumwambia tembo chochote. Simulizi ya pili ni ya wanaosingizia tope ili kuficha walichokwisha kula. Katika miaka yangu ya kufundisha siasa na utawala katika jiji hili nimeona kwamba makosa yetu mengi ya umma huangukia upande mmoja kati ya hizo mbili. Ama tunacheza pasipochezeka, ama tunafunga pasipo na tope.

Msomaji wa pwani au wa Bukoba anaweza kushangaa kwamba mtu wa Dodoma ajishughulishe na kulowa. Hapa ni nchi kavu. Kwa mwaka wa kawaida tunapata takribani milimita 550 hadi 600 za mvua, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua na vumbi hadi mwisho wa mwaka. Lakini ukavu huo ndio unaolifanya swali kuwa gumu. Mvua yetu haiji kidogo kidogo. Huja alasiri moja kwa kishindo, ikalijaza korongo ambalo asubuhi watoto walikuwa wakichota mchanga, kisha ikatoweka kwa siku kumi. Na ardhi yenyewe si moja. Udongo mwekundu wa kichanga wa miinuko hunywa maji na kukauka kabla hujamaliza chai. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa mabondeni, huyashika maji kwa siku kadhaa. Juu hutengeneza gamba linalodanganya jicho, chini ni uji. Kwa hiyo kujua kwamba mvua imenyesha si kujua kwamba uwanja umelowa. La kwanza linasomwa angani na kila mtu. La pili linasomwa ardhini, na anayeweza kulisoma ni yule anayeitembea ardhi hiyo kila siku.

Nilianza kulitafakari jambo hili kwa makini mahali ambapo wasomaji wengi wa ukurasa huu hawatanitarajia, yaani kwenye klabu moja ya gofu jijini Dar es Salaam, mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea. Mimi si mcheza gofu. Rafiki niliyesoma naye, ambaye sasa ana cheo na kitambi cha kumtosha, alinialika nikamtazame akicheza. Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika tangu usiku wa manane na anga lilikuwa safi. Kwa macho yangu, nyasi zilikuwa za kijani na za kupendeza kuliko kitu chochote nilichokiona Dodoma mwaka ule.

Uwanja ulikuwa umefungwa. Kwenye ubao wa mlangoni palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: mashimo yote 18 hayachezwi leo hadi saa nane mchana, hali itaangaliwa tena. Chini yake palikuwa na saini ya mtu ambaye, nilivyokuja kuambiwa, ni msimamizi wa wakata nyasi.

Rafiki yangu alilalamika kidogo, kisha akaketi kunywa kahawa. Mimi nilimtafuta yule msimamizi. Nilimkuta bwana wa makamo mwenye mabuti ya mpira, amesimama kwenye grini, ule uwanja mdogo wa nyasi fupi sana penye shimo na bendera. Nilimwamkia, nikamwuliza amejuaje. Hakunijibu kwa maneno. Alinyanyua mguu akaukanyaga polepole kwenye nyasi, na maji yakapanda pembeni mwa soli ya buti. Alipouondoa mguu, alama ilibaki. Akaniambia: "Mzee, nyasi ina mizizi, na mizizi inapumua. Udongo ukiwa na maji, kila anayepita anaushindilia, hewa inatoka. Leo huoni kitu. Baada ya wiki mbili nyasi zinakuwa njano, na mimi ninakaa miezi nikizifufua." Watu arobaini wakicheza asubuhi ile, alisema, furaha yao ingelipwa na watu mia nne hadi Julai.

Baadaye nilisoma kanuni za mchezo huo, zinazotungwa kwa pamoja na chombo cha Uingereza kinachoitwa R&A na chama cha gofu cha Marekani. Nilivutiwa na jinsi zinavyoyafasili maji ya muda, yaani maji ya mvua yaliyotuama ambayo mchezaji hastahili kuadhibiwa kwayo. Ni sharti yaonekane juu ya ardhi kabla au baada ya mchezaji kusimama mahali pake, bila yeye kukandamiza miguu kupita kawaida. Haitoshi ardhi kuwa na tope au kuwa laini. Na pale maji yanapolizunguka shimo lote kiasi kwamba hakuna namna ya kuupiga mpira kwa haki, kamati ya mashindano inapaswa kusimamisha mchezo. Sipendi kuupamba mchezo wa matajiri. Lakini nilijiuliza ni sheria zetu ngapi zinazozuia au kuruhusu jambo kubwa kwa kipimo ambacho raia wa kawaida anaweza kukifanya kwa mguu wake mwenyewe na kupata jibu lile lile analopata mwenye mamlaka.

Niliyoyaona pale yalikuwa mambo matatu yaliyokutana mahali pamoja: mwenye ujuzi, mwenye kalamu na kipimo cha wazi. Msimamizi wa wakata nyasi alikuwa mtu wa mshahara mdogo kuliko wote walioingia getini asubuhi ile. Lakini kamati ya klabu ilikuwa imemkabidhi uamuzi huo, na kwa jambo hilo moja mabrigedia, wakurugenzi na wabunge walikunywa kahawa wakisubiri.

Sasa tuvuke milima turudi kwetu, kwenye mchezo wa watu wote. Soka nalo lina kanuni yake. Sheria ya 5 ya mchezo humpa mwamuzi mamlaka ya kuamua kama hali ya uwanja au ya hewa inaruhusu mechi kuchezwa. Hapo haitajwi kamati ya maandalizi, wala mfadhili, wala mgeni rasmi. Anatajwa mtu mmoja mwenye filimbi.

Machi moja, si miaka mingi iliyopita, nilihudhuria fainali ya kombe la mbuzi katika kata moja ya pembezoni mwa jiji letu. Uwanja upo bondeni, kwenye udongo wa mbuga, kwa sababu miinuko yote imekwisha kupimwa viwanja vya makazi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na tena asubuhi. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana makini. Saa nane mchana aliuzunguka uwanja na mpira mkononi. Aliuachia kutoka usawa wa kifua sehemu nne tofauti. Mbele ya magoli yote mawili, mpira haukudunda, ulikaa pale pale ulipoangukia. Akarudi kwa wanakamati na kuwaambia kwa adabu kwamba anashauri mechi ipelekwe Jumanne.

Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. Wakamweleza kwamba vipaza sauti vimekodiwa kwa siku moja, mbuzi ameshafungwa kamba, ngoma imeshafika na mgeni rasmi yuko njiani. Mmoja akamshika bega akasema: "Mwalimu, wewe puliza filimbi tu. Mengine tutayabeba sisi."

Alipuliza filimbi. Dakika ya ishirini na kitu, beki wa kushoto wa timu moja, kijana wa miaka 22, alijaribu kugeuka na mguu wake ukabaki kwenye tope huku mwili ukiendelea na safari. Mlio wa mfupa ulisikika hadi tulipokaa. Alibebwa kwa bajaji. Mchezo uliendelea, na mgeni rasmi aliondoka kabla ya kipindi cha pili kwisha kwa kuwa alikuwa na ratiba nyingine.

Kijana yule alikuwa dereva wa bodaboda, na pikipiki ilikuwa ya mkataba: analeta hesabu ya kila siku kwa mwenye chombo mpaka muda uliokubaliwa ukamilike, kisha inakuwa yake. Alikuwa amebakiza miezi mitano. Kwa mguu uliofungwa plasta hakuna hesabu, na bila hesabu hakuna mkataba. Wiki ya tatu mwenye pikipiki aliichukua na kumpa mwingine. Michango ilipitishwa na watu walitoa walichonacho, lakini haikufikia hata nusu ya gharama za hospitali. Yale "mengine" yaliyoahidiwa kubebwa na kamati yalibebwa na mama yake, anayeuza vitumbua.

Nilikutana na yule mwalimu miezi kadhaa baadaye na nikamwuliza, si kwa kumhukumu, kwa nini hakusimamia alichokiona. Akanijibu kwa sentensi ambayo nimeirudia darasani mara nyingi: "Dokta, sheria imenipa filimbi, haikunipa nauli ya kurudi nyumbani." Posho yake ilitoka kwa kamati. Mwakani angehitaji kualikwa tena. Mmoja wa wanakamati alikuwa na sauti juu ya uhamisho wa walimu. Mamlaka aliyopewa kwenye karatasi yalikuwa makubwa kuliko ya msimamizi wa wakata nyasi. Mamlaka aliyokuwa nayo juu ya ardhi ile yalikuwa sifuri.

Hapa ndipo ninapowaomba watumishi wa umma wanaonisoma wakae kidogo. Katika ofisi zetu kuna neno moja linalotumika kuliko yote: maelekezo. Mhandisi wa wilaya anajua kwamba kalavati limeanza kuliwa na maji chini, anasubiri maelekezo. Mwalimu mkuu anajua kwamba watoto wa ng'ambo ya korongo hawatafika salama leo, anasubiri maelekezo. Mtendaji wa kijiji anaona drifti imefunikwa na maji na malori yamepanga foleni, anapiga simu kuomba maelekezo, na simu ya juu haipatikani kwa sababu mnara nao umepigwa na mvua. Hawa si watu wajinga wala wazembe. Wengi wao ni wasomaji wazuri wa ardhi yao. Lakini wamejifunza kwa uzoefu kwamba anayefunga jambo na baadaye ikaonekana halikuhitaji kufungwa ataulizwa kwa barua, ilhali anayeliacha wazi na likaua ataandikiwa kwamba ilikuwa ni kazi ya Mungu. Mizani ikikaa hivyo, usitarajie mtu afunge.

Matokeo yake ni kwamba uamuzi hushuka hadi kwa mtu wa mwisho kabisa, yaani dereva. Yeye ndiye anayesimama ukingoni, wiper zikienda, abiria wakimhimiza kwamba fulani amepita sasa hivi, na kuyatazama maji ya rangi ya chai ya maziwa ambayo hayaoneshi kina. Tarehe 12 Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji ya korongo jijini Arusha, na watoto waliokuwa wakienda darasani wakapoteza maisha. Taifa lilimtazama dereva. Ni haki dereva aulizwe. Lakini swali la kitaaluma na la kiraia ni jingine: kabla ya gari kufika ukingoni, ni nani katika mnyororo mzima alikuwa na ujuzi, mamlaka na kinga ya kusema kwamba leo hapapitiki? Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo na tahadhari zake, na kwa miaka ya karibuni kazi hiyo inafanyika vizuri. Ila tahadhari inazungumzia anga. Baina ya anga na gurudumu kuna pengo, na katika pengo hilo ndimo watu wetu wanamozama.

Mtu asidhani ninaota ndoto ya nchi za mbali. Mfano bora ninaoujua upo hapa hapa, juu ya uwanda huu, na una umri mkubwa kuliko taifa lenyewe. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na tangu wakati huo imekuwa ikipigana na maji, hasa kati ya Kilosa na Gulwe, ambako njia inafuata mito iendayo Wami. Mvua za El Niño za 1997/98 ziliikata. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata tena. Leo treni ya umeme ya reli ya kiwango cha kimataifa, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, inapita juu ya madaraja marefu, lakini milima na mito ni ile ile.

Katika utamaduni wa reli, kibarua wa gengi anayekagua njia kwa miguu, akikuta kokoto zimechukuliwa na maji chini ya reli, ana bendera nyekundu. Akiisimamisha katikati ya njia, treni inasimama. Haulizi ndani ya behewa la kwanza kuna nani, wala hasubiri maelekezo kutoka Dar es Salaam. Dereva wa treni hamwulizi kibarua elimu yake, anafunga breki kwanza. Taratibu nyingine, simu na taarifa, zitafuata baadaye. Wakoloni walioileta reli hawakuwa wapenda usawa hata kidogo. Waliwapa wanyonge bendera kwa sababu walijua jambo moja kuhusu ardhi, kwamba haisomeki kutoka ofisini. Huu ni ukweli ambao hata udikteta uliulazimika, na ni ajabu kwamba demokrasia yetu bado inausitasita.

Mpaka hapa nimezungumzia simulizi ya kwanza, ya tembo. Ningeishia hapo ningekuwa nimewahudumia nusu ya wasomaji wangu tu. Kuna simulizi ya pili, ya mikia ya ng'ombe, na wanaharakati wataikumbuka haraka.

Mamlaka ya kufunga ni mamlaka matamu. Mwaka 2016 viwanja vya nchi hii vilifungwa kwa mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa. Sheria ilikuwa ikitaka, na bado inataka, kwamba anayekusudia kuitisha mkusanyiko atoe taarifa kwa polisi saa 48 kabla, na polisi wanaweza kuuzuia kwa sababu mahsusi. Kilichofuata hakikuwa uamuzi juu ya uwanja fulani wa siku fulani. Nchi nzima ilihesabiwa kuwa imelowa, kwa karibu miaka saba, hadi tarehe 3 Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuondoa katazo lile. Katika miaka yote hiyo hapakuwa na kipimo ambacho raia angeweza kukifanya kwa mguu wake. Hapakuwa na karatasi mlangoni inayosema hali itaangaliwa tena saa nane. Tulioneshwa mikia na kuambiwa ng'ombe wamezama.

Kwa hiyo simdai mtumishi ujasiri wa kufunga bila kumdai pia uthibitisho. Mtu akiniambia uwanja umelowa, nina haki ya kumwambia: kanyaga nione. Maji yakipanda kwenye soli, nitageuka nyuma bila kinyongo, hata kama nilikuja kutoka mbali. Yasipopanda, basi tatizo si uwanja. Tofauti kati ya tahadhari na hila haimo katika ukali wa tangazo, wala katika cheo cha aliyelitia saini. Imo katika mambo mawili tu, kipimo kinachoonekana na muda unaokwisha.

Kuna hoja ya tatu, na hii niliipata kwenye ile ile klabu ya gofu, chini ya mwarobaini ulioko nyuma ya jengo. Walikuwepo pale vijana kama ishirini, wale wanaobeba mikoba ya fimbo za wachezaji, maarufu kama makedi. Wanalipwa kwa mzunguko. Uwanja ukifungwa hakuna mzunguko, na pasipo mzunguko hakuna chakula cha mchana wala nauli. Wanachama walikunywa kahawa, nyasi zikapona, na vijana wale wakarudi nyumbani kwa miguu. Uamuzi uliokuwa sahihi kabisa kwa ardhi haukuwa uamuzi kamili kwa watu.

Jambo hili ndilo linalotufanya tucheze kwenye tope. Watu wa Dodoma hawavuki korongo lililojaa kwa sababu hawajui kwamba maji yanaua. Wanajua kuliko wahadhiri. Mkulima wa huku, akiona udongo wa mbuga unang'ang'ania jembe, huliweka begani na kurudi nyumbani bila kuhitaji semina. Anajua kwamba kulima udongo uliolowa ni kutengeneza matofali. Lakini mkulima yule yule ataingia majini na baiskeli yake siku ya gulio, kwa sababu shamba linaweza kusubiri hadi kesho kutwa na ada ya mtoto haiwezi. Anayeishi kwa mapato ya siku hana kesho ya kuahirishia. Kamati ya kombe la mbuzi haikuwa ya wauaji. Ilikuwa ya watu waliokodi vipaza sauti kwa siku moja, na hawakuwa na fedha ya siku ya pili.

Basi anayetaka watu watii bendera nyekundu aanze kwa kuuliza nani atalipa gharama ya kusimama. Klabu ya gofu inaweza kukata kiasi kidogo katika kila ada ya mchezo wakati wa kiangazi, ikaweka akiba ya makedi kwa siku za masika. Si sadaka, ni sehemu ya gharama ya nyasi. Kombe la mtaa linaweza kupanga tangu mwanzo siku mbili za fainali, na kumkodi mwenye vipaza sauti kwa sharti hilo. Mwamuzi anaweza kulipwa posho kabla ya kwenda kukagua uwanja, achezeshe asichezeshe. Hili la mwisho halihitaji hata shilingi moja ya ziada, ni kubadilisha tu saa ya kulipa. Halmashauri inaweza kutangaza mwezi Oktoba, makorongo yakiwa makavu, kwamba shule zilizo ng'ambo ya drifti fulani zitafidia siku za mafuriko kwa Jumamosi zilizotajwa, ili mwalimu mkuu asijihisi mhalifu anapowarudisha watoto nyumbani. Na kwenye drifti yenyewe, nguzo iliyopakwa rangi kuonesha kina, pamoja na mtu wa kijiji hicho mwenye bendera, jina lake likiwa limeandikwa na kubandikwa ofisini, ni ulinzi mkubwa kuliko tamko lolote la rambirambi.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini ninawapa mitihani juu ya drifti na viwanja vya mpira badala ya katiba. Huwa ninawajibu kwamba katiba ni jaribio la kulijibu swali hili hili kwa herufi kubwa: nani ana haki ya kusema simama, kwa kipimo gani, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani. Nchi inayoshindwa kulijibu kwenye uwanja wa kata haitalijibu uwanja utakapokuwa wa taifa zima. Na raia aliyekwisha kumwona mwalimu mwenye filimbi akishikwa bega hahitaji mhadhara mrefu ili aelewe kwa nini tume, mahakama na wakaguzi wanahitaji bajeti isiyotoka mfukoni mwa wanaowakagua.

Mvua za kwanza hazitachelewa. Kabla hazijaanguka, ninamwomba kila msomaji mwenye dhamana, iwe ya darasa, ya kituo cha mabasi, ya kivuko, ya kiwanda au ya idara, afanye jambo moja dogo. Atafute ni nani katika eneo lake anayeitembea ardhi kila asubuhi. Mara nyingi atakuwa mtu wa daraja la chini kabisa: mlinzi, mfagiaji, kibarua, kondakta. Amwulize ataijuaje siku ambayo hapachezeki. Ayaandike majibu yake kwa maneno yake, ayasaini, ampe nakala, na amwambie mbele ya mashahidi kwamba siku hiyo ikifika hatasubiri simu.

Yule kijana wa bodaboda anatembea sasa, akichechemea kidogo. Msimu uliopita aliombwa aingie kwenye kamati ya mashindano. Alikubali kwa sharti moja, kwamba posho ya mwamuzi ilipwe asubuhi.